Bonifasia wa Nyimbo Fupi

Bonifasia binti Gaspari alizaliwa Keza, wilaya ya Ngara, katika nyumba iliyopakana na kigango. Baba yake alikuwa katekista. Siku ambazo padre hakufika, na zilikuwa nyingi, Gaspari ndiye aliyeongoza sala, akafundisha watoto katekisimu, kisha akaketi mwenyewe kwenye kinanda cha kukanyaga ambacho masista walikuwa wamekiacha. Vidole vyake vilipoanza kuvimba kila msimu wa mvua, alimwita binti yake, wakati huo yuko darasa la tano.

"Kaa hapa," alimwambia. "Mimi nitakanyaga, wewe bonyeza."

Haikupita muda binti akawa anakanyaga na kubonyeza peke yake. Alikuwa na kasoro moja tu, haraka. Wimbo wa kuingia uliisha padre akiwa bado mlangoni. Wakati wa komunyo mabibi waliozoea kutembea kwa kufuata wimbo walijikuta wanakanyagana visigino.

"Bonifasia, hii ni misa," baba yake alimwambia walipokuwa wakila. "Si mbio za mwenge."

"Nikienda polepole nasinzia, baba."

"Basi sinzia."

Alijaribu, hakuweza. Mama yake alikuwa amekufa zamani, na watu wa Keza walisema binti yule alikosa mtu wa kumfundisha kutulia. Lakini waliendelea kuja kumsikiliza, hata vijana ambao zamani walikuwa wakibaki nje ya kigango wakichezea baiskeli.

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilifika kila mahali. Shangazi yake Generoza, dada mdogo wa Gaspari, alikuwa ameolewa Nemba, upande wa Biharamulo, na mumewe alikuwa mgonjwa wa mgongo. Waliambiwa wahame kutoka mji wao wa zamani waende kwenye kijiji kipya kando ya barabara, na hawakuwa na mtu wa kubomoa wala wa kubeba. Gaspari akamtuma Bonifasia. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliezua paa pamoja na shangazi yake, wakafunga nguzo, wakafunga nyasi, na mlango wa mbao akaubeba kichwani mwenyewe mpaka kijijini. Njia nzima hakuweza kuona zaidi ya hatua chache mbele yake, kwa hiyo alikuwa akiimba ili watu wanaokuja wampishe.

Nemba wakati ule ilikuwa na watu wa kila aina. Walikuwepo Wasubi wenyeji, na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka Mwanza na Shinyanga, wakalima pamba. Nyumbani kila mtu alisema lugha ya kwao. Kiswahili kilikuwa cha mkutano, cha shule na cha gulio. Na kijiji kilikuwa na bendi. Shamba la ujamaa lilipotoa pamba nzuri mwaka wa kwanza, mkutano ulikaa kuamua mapato yafanye nini. Wazee walitaka plau. Vijana walisikia kwamba bendi moja ya Mwanza imevunjika na inauza vyombo vyake. Vijana walishinda kwa kura chache, na wazee hawakusahau. Ndivyo Nemba Ujamaa Jazz ilivyopata gitaa la solo, gitaa la besi, ngoma zake na amplifaya moja iliyotumia betri ya trekta. Siku trekta likilima, muziki hakuna.

Kiongozi wa bendi aliitwa Malongo. Alikuwa Msukuma wa Kwimba, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mpole wa maneno, aliyewahi kupiga gitaa la solo Mwanza mjini kabla ya kurudi kwenye jembe. Besi alipiga Nyanda. Ngoma alipiga Bulugu. Mwimbaji wao alikuwa ametoroka kwenda kuimba kwingine, wakawa wanapiga bila sauti, kama watu wanaokula ugali bila mboga.

Walifanya mazoezi kwenye ghala la pamba. Siku moja Bonifasia alipita na ndoo ya maji, akasimama mlangoni, na ndoo ikiwa bado kichwani akaanza kuimba juu ya gitaa la Malongo maneno yaliyomjia tu. Nyanda aliacha kupiga. Malongo hakuacha. Alipofika mwisho wa mzunguko akauliza, "Wewe binti, umetoka wapi?"

"Keza."

"Huko wanaimba hivyo?"

"Kanisani, ndiyo."

Jioni hiyohiyo Malongo alikwenda kwa Generoza na kofia mkononi. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hapana. Binti wa watu hawezi kuzunguka na wanaume watatu kwenye vilabu vya pombe, na yeye atamjibu nini kaka yake? Malongo hakubishana. Akauliza tu, je, kama mazoezi yatakuwa mchana, milango ya ghala iko wazi, na mama mwenyewe akakaa ndani? Generoza alifikiri. Tangu siku ile kila mazoezi alikuwepo, ameketi juu ya gunia anabangua karanga, na baada ya mwezi akawa ndiye anayewaambia wimbo upi unafaa na upi urudishwe ulikotoka.

Hapo ndipo mambo ya Bonifasia yalipoanza. Nyimbo za dansi siku zile zilikuwa ndefu. Zilianza taratibu, mwimbaji akaeleza kisa chake chote, kisha gitaa likachemka, na watu wakacheza mpaka jasho likatoka. Malongo alizipenda hivyo. Bonifasia alitunga za kwake, na za kwake zilianza kwa kasi na kuishia kwa kasi. Hata uji ulikuwa haujachemka, wimbo umekwisha. Vijana hawakucheza kwa wawili kama desturi. Waliruka mahali pamoja, wote kwa mpigo, mpaka vumbi la ghala likawafunika, na wazee wa plau wakasema walijua tangu mwanzo kwamba itafika huku.

"Wimbo ni safari," Malongo alimwambia. "Mtu haanzi safari kwa kukimbia."

"Inategemea unakwenda wapi, kaka. Mimi nakwenda kisimani. Nachota, narudi."

Bulugu alicheka, kwa sababu yeye mwenye ngoma alizipenda zile za mbio. Mwishowe wakakubaliana: nyimbo mbili za Malongo, katikati moja ya Bonifasia. Na Malongo, ingawa hakuzipenda, alimfundisha gitaa mchana wa Jumapili baada ya sala. Alisema hataki mwimbaji asiyejua kinachopigwa nyuma yake. Bonifasia alishika haraka. Mkono uliokwisha zoea kinanda haukuwa mgeni wa kutafuta sauti.

Walizunguka Nyakahura, Lusahunga, Runazi, mpaka wakaitwa Biharamulo mjini siku ya Saba Saba, uwanjani karibu na boma la Wajerumani. Bonifasia akaimba wimbo aliouita "Nyumba Yangu Iko Kichwani". Maneno yake yalikuwa machache:

Nyumba yangu iko kichwani,
nionyesheni pa kuitua.

Uwanja mzima uliruka. Hakukuwa na mtu pale ambaye hakuwahi kubeba nyumba. Lakini kesho yake bendi iliitwa ofisini, na bwana mmoja mwenye miwani akamuuliza mwimbaji kama wimbo ule unakejeli kazi ya serikali.

"Mzee, mlango niliubeba mwenyewe," Bonifasia akajibu. "Sikutunga, nilieleza."

"Na pa kuutua ulionyeshwa au hukuonyeshwa?"

"Nilionyeshwa."

"Basi wimbo useme hivyo."

Bonifasia akaongeza ubeti mmoja, palepale, mbele ya meza yake: nimeitua Nemba, paa linavuja kidogo. Yule bwana alitazama dari ya ofisi yake kwa muda. Kisha akawaambia waende zao, waendelee kujenga taifa.

Miaka ile mitatu ilikuwa mizuri. Shangazi Generoza aliwakataa wachumba wawili kwa niaba ya Bonifasia, naye hakulalamika.

Mwishoni mwa mwaka 1978 ikaja vita. Majeshi ya Amin yalikuwa yamevuka mpaka na kuchukua nchi ya kaskazini ya mto Kagera. Watu wa Missenyi walikimbia na walichoweza kushika. Mkoa wetu bado uliitwa Ziwa Magharibi, na Biharamulo haikusikia mzinga hata mmoja, lakini barabara yetu ndiyo iliyopitisha askari. Malori yalipita usiku na mchana. Kisha wakaitwa mgambo. Malongo, Nyanda na Bulugu walikuwa wamepitia mafunzo ya mgambo pamoja, na wakajiandikisha siku moja.

Asubuhi ya kuondoka Malongo alimpa Bonifasia ufunguo wa ghala.

"Usiviache vyombo vikae kimya," alisema. "Gitaa lisilopigwa shingo yake inapinda."

"Na ngoma?"

"Ngoma panya watazila."

Mke wa Nyanda, Ng'washi, alikuwa amesimama pembeni na mtoto mgongoni. Nyanda alimwambia mkewe maneno machache ya Kisukuma, kisha akapanda lori. Hakukuwa na kilio. Lori lilipoondoka wanawake waliondoka mmoja mmoja kurudi mashambani, kwa kuwa ilikuwa wakati wa palizi.

Bonifasia alifungua ghala mchana ule ule. Alijaribu besi, akaona nyuzi zake zinaumiza, lakini hesabu ya vidole ni ileile ya solo. Ngoma zilimpa taabu zaidi. Mikono ilikubali, miguu ikakataa. Shangazi yake aliyekuwa akibangua karanga alimwambia, "Miguu yako si ndiyo ilikanyaga kinanda?" Kuanzia hapo akakaa kitini, gitaa mapajani, mguu wa kulia kwenye ngoma kubwa, mguu wa kushoto amefunga njuga alizoazima kwa wacheza ngoma wa Kisukuma, na hamonika ya Bulugu ameifunga kwa waya mbele ya mdomo. Mwanzoni kila kiungo kilikwenda njia yake. Lakini alikuwa na miezi mingi na ghala tupu.

Kijiji kilikuwa kinakusanya chakula cha askari: michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, karanga, mahindi, ng'ombe kwa wenye ng'ombe. Mwenyekiti aliona kwamba watu wakiitwa na mbiu hawafiki wote, wakiitwa na muziki wanafika. Bonifasia akawa anapiga kila siku ya makusanyo. Watu waliokuja kwa mara ya kwanza walizunguka ghala kutafuta wenzake walipojificha. Uzi wa gitaa ulipokatika, na nyuzi madukani hazikuwepo, alichambua waya wa breki ya baiskeli, akaufunga, ukalia kwa ukali kidogo, akauzoea.

Mwezi wa pili mwaka 1979 alikwenda na trekta la michembe kupeleka Biharamulo, na vyombo vyake juu ya magunia, kwa kuwa mjini nako kulikuwa na makusanyo. Njiani wakakuta msafara wa malori umesimama. Lori moja lilikuwa limeharibika darajani, na askari walikuwa wamekaa kando ya barabara kwenye jua, hawana la kufanya. Ofisa wao aliona gitaa akauliza mpigaji yuko wapi. Bonifasia akashuka, akapanga vyombo vyake chini, akawapigia. Aliwapa zile za kwake zote. Askari walipiga makofi, wengine wakaruka na buti zao. Kisha kijana mmoja aliyekaa juu ya debe la mafuta, mwenye lafudhi ya kusini, akamwambia kwa adabu:

"Dada, huna wimbo wa kukaa?"

"Wa kukaa ni upi?"

"Ambao mtu anaweza kuusikiliza amekaa. Kukimbia tutakimbia sana huko tuendako."

Bonifasia hakuwa na wimbo kama huo. Aliokuwa nao ni wa Malongo, "Mama Alinisindikiza", ambao alikuwa ameuimba mara nyingi akiusukuma mbele kama mtu anayesukuma mbuzi mkaidi. Akautoa mguu kwenye ngoma. Akafungua hamonika. Akaupiga kwa gitaa peke yake, ubeti kwa ubeti, kama Malongo alivyotaka siku zote:

Mama alinisindikiza hadi njia panda,
akasimama, mimi nikaenda,
nilipogeuka bado amesimama.

Baadaye alisema kwamba alitaka kukimbia katikati, vidole vilimwasha, lakini aliwatazama wale vijana akaona kwamba hakuna hata mmoja anayetaka wimbo uishe. Akarudia ubeti wa mwisho. Lori likapona, wakapanda. Yule wa kusini alimpungia mkono tu. Bonifasia hakujua jina lake, wala hakujua kama alirudi.

Kampala ilianguka mwezi wa nne, lakini watu wetu walirudi polepole. Bulugu alifika kwanza, sikio la kushoto limekufa kwa mizinga. Ukisimama upande ule ukamsalimu, hajibu, na wasiojua walidhani amekuwa na kiburi. Ni yeye aliyeleta habari za Nyanda. Nyanda alikuwa amekufa ng'ambo ya Masaka, akazikwa na wenzake. Ng'washi alizisikia akiwa amesimama mlangoni kwake. Alimkaribisha Bulugu ndani, akampa maji ya kunywa, ndipo akakaa chini. Besi ya Nyanda ilipelekwa kwake, akaitundika ukutani.

Malongo alirudi mwezi wa tisa. Alimkuta Bonifasia ghalani, akasimama mlangoni mkono wa kushoto uko mfukoni.

"Kaka Malongo."

"Naona panya hawakula ngoma."

Bonifasia alimpa gitaa. Alilipokea, akakaa, akautoa mkono mfukoni. Vidole viwili havikuwepo, na kilichobaki katikati hakikukunjika. Aliweka ule mkono kwenye shingo ya gitaa, akajaribu kubana nyuzi, zikatoa sauti ya kukwaruza. Akajaribu tena kwa namna nyingine. Kisha akamrudishia.

"Ni lako, kaka."

"Ni la kijiji. Piga."

"Nipige nini?"

"Ule wangu. Hata kama utauharibu."

Akampigia "Mama Alinisindikiza". Malongo alisikiliza ameinamisha kichwa. Ulipofika ubeti wa pili akaanza kuuimba mwenyewe, kwa sauti nene isiyo na mapambo. Watu wa Nemba hawakuwahi kumsikia akiimba. Alikuwa akisema siku zote kwamba sauti aliiacha kwenye vidole. Walipomaliza akamgeukia Bonifasia.

"Nani alikufundisha kwenda polepole?"

"Askari mmoja, njiani."

"Wa kikosi gani?"

"Sikumuuliza."

Hivyo ndivyo bendi ilivyogeuka. Mwimbaji akawa mpiga gitaa, mpiga gitaa akawa mwimbaji. Bulugu alirudi kwenye ngoma zake akiwa amekaa ubavu, sikio zima limeelekea gitaa, macho yameelekea mguu wa Bonifasia, kwa kuwa mguu ule ulimpa mapigo ambayo hakuyasikia vizuri. Besi haikuwepo. Walimwendea Ng'washi, akawajibu kwa upole kwamba mwaka wa matanga haujaisha. Hawakumwuliza tena. Bonifasia alijifunza kupiga nyuzi nene kwa kidole gumba huku vidole vingine vinaendelea na solo, na Krismasi ya mwaka ule Nemba ilicheza kwa mara ya kwanza tangu vita.

Mwaka 1980 watu wa redio walikuja Mwanza kurekodi bendi za mikoani, na Nemba Ujamaa Jazz wakapata nafasi. Walisafiri juu ya lori la pamba. Fundi wa mitambo alipowaona watatu wamesimama mlangoni aliuliza bendi iko wapi.

"Ndiyo sisi," Malongo akasema.

Waliwekwa wa mwisho. Bendi kubwa zilikuwa zimetangulia na nyimbo zao ndefu, na ilipofika zamu yao jua lilikuwa linaelekea kuzama. Wakarekodi "Mama Alinisindikiza", na Malongo aliimba vizuri kuliko siku zote. Fundi akatazama mkanda wake, akakuna kichwa.

"Kimebaki kipande kidogo. Mna wimbo mfupi?"

Bulugu alicheka mpaka akaegemea ngoma. Wakapiga "Nyumba Yangu Iko Kichwani" mara moja tu, bila kurudia, Bonifasia akiimba mwenyewe, na ubeti wa paa linalovuja ukiwemo.

Wimbo wa Malongo ulisikika redioni mara chache, Jumapili mchana. Lakini ule mfupi ulipata kazi yake. Mtangazaji akibakiwa na dakika mbili kabla ya taarifa ya habari, wimbo wa kujaza pengo lile ulikuwa ni huo. Nchi nzima iliujua. Watu wa Tabora na Tanga, ambao hawangeweza kuionyesha Nemba kwenye ramani, waliuimba wakikimbilia kukaa karibu na redio zao. Malongo hakuona wivu. Alisema tu kwamba mama yake bado amesimama njia panda, na Bonifasia keshatua nyumba na kwenda zake.

Kule Keza, Gaspari alikuwa akiusikia karibu kila jioni. Kwa miaka mingi hakuwa amesema lolote kuhusu binti yake kupiga dansi, si zuri si baya. Sasa akawa anawaambia waumini baada ya sala, "Huyo anayeimba kabla ya habari, ni wangu."

Alipougua mwaka 1983 alituma ujumbe, na Bonifasia akajua kwamba lazima arudi. Wakati huo bendi ilikuwa imechoka. Amplifaya ilikuwa imeungua, betri haikupatikana, na kijiji kiliitisha mkutano kuuza vilivyobaki ili kununua dawa ya pamba. Mzee mmoja wa plau aliuliza kwa nini gitaa halimo kati ya vitu vilivyoletwa mbele. Aliyesimama kumjibu ni Ng'washi, ambaye hakuwahi kusema mkutanoni. Alikuwa ameleta besi ya mumewe mwenyewe, ameishika kwa mikono miwili.

"Hii iuzeni," alisema. "Nimekaa nayo ikatosha. Lile alilo nalo Bonifasia liacheni. Wakati waume zetu hawapo, ndilo lililotuita pamoja kila wiki. Mkiliuza mtapata chupa moja tu ya dawa."

Wazee walinong'ona kidogo. Mwenyekiti akauliza nani anapinga, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Malongo alimsindikiza mpaka barabarani, amembebea kapu. Walisubiri lori la Ngara kwenye kivuli cha ghala.

"Utaanzisha bendi huko?" Malongo aliuliza.

"Sijui. Nitapanda maharage kwanza, halafu nitazame hali ya baba."

"Keza kuna vijana."

"Kuna wasichana," Bonifasia akasema. "Nitaanza na hao."

Na alianza nao. Gaspari aliishi miaka mitatu zaidi, akawasikia. Bonifasia aliolewa na fundi cherehani wa Ntobeye aliyeitwa Bizimana, mtu mtulivu aliyemshonea gitaa mfuko wa turubai, wakapata watoto wanne. Kundi lake la wasichana wa Keza lilipiga kwenye harusi za Ngara kwa miaka mingi, kila mmoja wao akijua vyombo vitatu, kwa sababu mwalimu wao alikataa kumfundisha mtu kimoja peke yake. Ukimuuliza sababu, alikuwa anajibu kwamba huwezi kujua ni nani ataitwa kesho.